Daftari la shabiki lialia: namna ya kutunza historia ya timu yako ya Nyanda za Juu Kusini

Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara. Mwaka huohuo Majimaji ya Songea ikabeba ubingwa wa Ligi ya Muungano, iliyokutanisha timu za Bara na Zanzibar. Mataji mawili makubwa ya nchi, yote yamelala Kusini. Leo kijana wa Tukuyu anayekutajia kikosi cha Simba au Yanga kuanzia kipa hadi winga wa kushoto, akikosea hata benchi anajisahihisha, huenda asikutajie wachezaji watatu wa Banyambala, yaani Tukuyu Stars hiyohiyo.

Hilo si kosa lake. Timu za huku hupanda na kushuka, huhama na kubadili jina, na mara nyingi hakuna aliyepewa kazi ya kutunza makabrasha. Njombe Mji ilicheza Ligi Kuu msimu mmoja, 2017/18, ikashuka. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Juni 2019 pale Ilulu, Lindi, ikafungwa 1-0 na Azam. Msimu uliofuata ikashuka daraja. Ihefu ya Mbarali iliifunga Yanga 2-1 tarehe 29 Novemba 2022 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Muda si mrefu timu ikahamishiwa Singida, na sasa inaitwa Singida Black Stars. Ken Gold ya Chunya ilionja Ligi Kuu msimu wa 2024/25 na kurudi chini. Timu ikiondoka hivyo, kinachobaki ni kile ambacho shabiki wake aliandika.

Kupiga kelele jukwaani ni sehemu ya ushabiki, na anayeimba dakika tisini anastahili heshima. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kwenda mbele zaidi: kujua timu yake mechi kwa mechi, dakika kwa dakika, na kuweza kuthibitisha anachosema pale kijiweni wengine wanapobisha.

Chagua timu moja na uweke mpaka

Wengi huanza kwa kutaka kuandika kila kitu: timu yao, timu ya pili, Taifa Stars, na ligi ya Uingereza juu yake. Kufikia Oktoba daftari limekufa. Chukua timu moja, mashindano yake yote rasmi, msimu mmoja. Kwa timu ya Ligi Kuu yenye timu 16 hizo ni mechi 30 za ligi, ukiongeza za kombe. Kazi hiyo inawezekana hata kwa mtu mwenye ajira na familia.

Mechi za kirafiki ziweke mwisho wa daftari, kwenye kurasa zake. Zikichanganywa na za ligi huharibu hesabu ya mabao, na ubishi mwingi wa "fulani ana mabao mangapi" unaanzia hapo.

Vifaa

Nunua kaunta buku ya kwaya tatu yenye jalada gumu, si madaftari madogo ya shule ambayo hutawanyika. Kaunta buku moja huchukua misimu kadhaa ukitumia kurasa mbili zinazotazamana kwa kila mechi. Pamoja nayo nunua kijitabu cha mfukoni cha kwenda nacho uwanjani. Kaunta buku haiendi uwanjani hata siku moja: mvua moja ya Machi pale Uwanja wa Sokoine, Mbeya, inatosha kuozesha msimu mzima.

Kalamu ziwe za aina tatu, na kila moja na kazi yake. Wino wa bluu ni kwa ulichokiona kwa macho yako. Wino mweusi ni kwa ulichokisoma gazetini au kwenye taarifa ya timu au ya Bodi ya Ligi. Penseli ni kwa ulichosimuliwa. Ukiufuata utaratibu huu tangu ukurasa wa kwanza, miaka kumi baadaye mtu yeyote atakayefungua daftari atajua neno lipi aliamini na lipi alitilie shaka. Simulizi ikithibitishwa na gazeti, iandike upya kwa wino mweusi juu ya penseli. Usiifute kabla.

Ukurasa wa mechi

Ukurasa wa kushoto ni wa taarifa tupu. Juu kabisa andika tarehe, mashindano, raundi, saa ya kuanza, na uwanja. Chini yake mwenyeji na mgeni, matokeo ya mwisho, na matokeo ya mapumziko kwenye mabano. Kisha vikosi viwili: wachezaji kumi na moja kwa namba za jezi, halafu benchi lote, hata ambao hawakuingia. Benchi ndilo linalosahaulika kuliko kitu kingine chochote, na ndilo litakalokuonyesha kwamba mfungaji bora wa leo alikaa nje miezi minne kabla ya kupewa nafasi. Andika pia kocha, mwamuzi wa kati na washika vibendera wake.

Ukurasa wa kulia ni wa mchezo wenyewe: mabao, kadi, mabadiliko, penalti zilizokoswa, majeruhi, na mistari mitano au sita ya maoni yako. Maoni yakae chini ya mstari uliopigwa kwa rula ili yasichanganyike na taarifa.

Alama za mkato zinazotosha ni hizi: B kwa bao, P kwa bao la penalti, PK kwa penalti iliyokoswa, KJ kwa aliyejifunga, N kwa kadi ya njano, K kwa nyekundu, mshale wa juu kwa anayeingia na wa chini kwa anayetoka. Mchezaji aliyepata njano mbili mwandikie NN kisha K, usiandike K peke yake. Kadi nyekundu ya moja kwa moja na ile ya njano mbili ni vitu viwili tofauti, na mechi atakazokosa hutofautiana.

Kuhusu dakika, watu wengi hukosea kwa moja. Bao lililofungwa saa ikionyesha 34:20 ni la dakika ya 35, kwa sababu dakika 34 zimekamilika na ya 35 inaendelea. La nyongeza ya kipindi cha kwanza liandikwe 45+2. Ukiliandika 47, atakayesoma baadaye atadhani ni la kipindi cha pili. Washa saa ya simu filimbi inapolia na usiisimamishe hadi mapumziko, hata mchezaji akilala chini dakika tano.

Mabadiliko yaandike kwa mafungu. Kanuni inaruhusu wachezaji watano katika nafasi tatu za kusimamisha mchezo, ukiacha mapumziko. Ukiona kocha ametumia nafasi zote tatu kufikia dakika ya 70 huku akiwa ameingiza watatu tu, umeelewa kwa nini timu ilimaliza na watu kumi beki alipoumia dakika ya 83. Bila hilo daftarini, kijiweni watasema kocha alizembea kumbadilisha.

Idadi ya watazamaji usiiokote hewani. Hesabu watu wa safu moja, zidisha kwa idadi ya safu zilizojaa kiasi hicho, fanya hivyo kwa kila upande, kisha andika "makadirio" mbele ya namba.

Siku ya mechi

Mbeya ipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na mechi nyingi huanza saa 10 jioni. Jua likishazama nyuma ya mlima, vidole hufa ganzi kabla mwamuzi hajamaliza. Vaa sweta ndani na jaketi la mvua juu. Weka kijitabu kwenye mfuko wa nailoni. Uwanjani andika kwa penseli, kwa sababu kalamu ya wino hugoma karatasi ikishika unyevu. Hapo penseli haihesabiki kama simulizi: ukifika nyumbani unahamishia kwenye kaunta buku kwa bluu, usiku uleule. Ukisubiri hadi kesho utaanza kujaza mapengo kwa ulichosikia kwenye daladala.

Kaa mgongo wako ukielekea magharibi. Ukikaa mashariki, jua la jioni litakupiga machoni kipindi chote cha pili na namba za jezi upande wa pili hutaziona. Kaa juu, safu ya tatu au ya nne kutoka mwisho, usawa wa mstari wa katikati. Kule chini nyuma ya goli kuna raha yake, ngoma ziko kule na nyimbo ziko kule, lakini huwezi kujua ni nani aligusa mpira wa mwisho kwenye kona.

Fika saa moja kabla. Vikosi hutoka kwenye kurasa za timu mitandaoni muda huo. Piga picha ya kioo cha simu mara moja, kwa sababu tangazo huweza kufutwa na kuwekwa jingine. Kisha hakikisha kwa macho wakati timu zinapasha misuli: mchezaji huumia kwenye kupasha na nafasi yake kuchukuliwa na mtu wa benchi, na mtandaoni hakuna anayerekebisha. Makosa mengi ya vikosi huzaliwa katika dakika hizo ishirini.

Andika kando ya kila jina alama moja ya kumtambua: viatu vya rangi gani, soksi kashusha au kapandisha, mkono wa kushoto ana bendeji. Mvua ikinyesha na matope yakifunika namba mgongoni, hizo ndizo zitakuokoa. Mashabiki wazoefu humjua mchezaji kwa mwendo wake tu, na ujuzi huo hauji haraka.

Mpira uliogonga beki ukaingia wavuni huleta ugomvi kila mara. Utaratibu unaokubalika ni kuangalia shuti lilikuwa linaelekea wapi. Kama lilikuwa linaelekea golini hata bila beki, bao ni la mpigaji. Kama lilikuwa linatoka nje na beki ndiye aliyelielekeza ndani, amejifunga. Ukiona taarifa rasmi imesema tofauti na ulivyoona, andika zote mbili, rasmi kwa mweusi na yako kwa bluu, na kwenye hesabu ya mabao tumia rasmi.

Mitego inayoangusha hata wazoefu

Mtego wa kwanza ni kudhani "nyumbani" na "Sokoine" ni neno moja. Mbeya City na Tanzania Prisons zote zimeutumia Uwanja wa Sokoine, kwa hiyo zikikutana, mwenyeji ni yule aliyetajwa kwanza kwenye ratiba, si yule mwenye mashabiki wengi. Tena Prisons waliwahi kuhamishia mechi zao Sumbawanga, Uwanja wa Nelson Mandela. Pale ndipo walipoifunga Simba 1-0 Oktoba 2020. Ile ni mechi ya nyumbani ya timu ya Mbeya iliyochezwa Rukwa. Daftari lako liwe na safu mbili: moja ya mwenyeji, nyingine ya uwanja.

Mtego wa pili ni jina la timu. Andika jina lilivyokuwa siku ya mechi, basi. Usirudi nyuma ukabadilisha "Ihefu" kuwa "Singida Black Stars" kwenye kurasa za 2022, kwa sababu waliojaa uwanjani Ubaruku siku ile hawakuwa wanaishangilia Singida. Mwishoni mwa daftari tenga ukurasa wa mabadiliko: timu, jina la zamani, jina jipya, msimu uliobadilika, mji iliohamia.

Wa tatu ni ligi ya Bara na Ligi ya Muungano. Kwa miaka mingi zilikuwa ligi mbili zenye mabingwa wawili. Ndiyo maana mtu wa Songea na mtu wa Tukuyu wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu bingwa wa 1986 na wote wakawa sahihi. Prisons nao walitwaa Muungano mwaka 1999, na mwaka huohuo bingwa wa Bara ni Mtibwa Sugar. Ukiandika "bingwa wa Tanzania" bila kutaja ligi, umetengeneza ugomvi wa bure.

Majina ya wachezaji ni mtego wa nne. Andika majina mawili au matatu, kisha la utani kwenye alama za mtajo. Jina la utani peke yake halifai. Jezi moja ikivaliwa na "Ninja" wawili katika misimu mitatu, mabao yao yatachanganyika milele.

Mechi usizoweza kwenda

Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300 za barabara kuu ya Tunduma, na si kila shabiki ana nauli ya kuifuata timu hadi Bukoba au Mtwara. Mechi ya kwenye televisheni unaweza kuiandika vizuri, kwa wino wa bluu, lakini juu ya ukurasa andika "TV". Kamera hufuata mpira, kwa hiyo hutaona beki alikuwa wapi wala nani anapasha misuli. Usiandike maoni ya mpangilio wa timu kwa mechi ya TV kwa uhakika uleule wa uwanjani. Kama unatazama kibanda umiza, kaa karibu na spika, kwa sababu namba za wanaoingia hutajwa mara moja tu na kelele huzimeza.

Mechi ya redioni ni ngumu zaidi. Mtangazaji hujenga picha, na hiyo ndiyo kazi yake, lakini "shuti kali lililopaa juu ya mwamba" linaweza kuwa mpira uliotoka mita tano pembeni. Chukua mabao, dakika, kadi na mabadiliko peke yake.

Kurudi nyuma: magazeti na wazee

Ukishamaliza msimu mmoja wa sasa, rudi kwenye misimu iliyopita. Anza na ya karibu. Msimu wa 2013/14 ni mwanzo mzuri kwa mtu wa Mbeya: Mbeya City ilimaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, na Azam waliuchukua ubingwa hapohapo Sokoine, Aprili 2014, kwa kuifunga City 2-1. Magazeti ya msimu huo bado yapo kwenye nyumba za watu, na waliokuwepo uwanjani wengi bado ni vijana.

Kwa miaka ya themanini, tafuta Uhuru, Mzalendo la Jumapili, Mfanyakazi na Daily News. Maktaba za mikoa ndipo pa kuanzia, na kwa mafaili kamili ni Maktaba ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Nenda na orodha ya tarehe, usiende na ombi la "magazeti ya mpira". Mhudumu hawezi kukutafutia mpira, lakini anaweza kukuletea juzuu la Oktoba 1986. Mechi ya Jumamosi itafute toleo la Jumapili na la Jumatatu, yote mawili, kwa kuwa la Jumapili huandikwa kwa haraka na la Jumatatu mara nyingine hulisahihisha. Nakili na ukurasa na safu, si tarehe peke yake.

Wazee ni hazina, na ndiko ambako kazi nyingi huharibika. Nenda na adabu kwanza, daftari baadaye. Salamu iwe kamili: shikamoo, na kama upo Iringa au Njombe anza na kamwene, uulize nyumbani na shamba, ukae. Omba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu, na umwambie utaitumia wapi. Ukimaliza kule Rungwe, "ndaga fijo" inatoka moyoni kuliko asante ya harakaharaka.

Usimuulize "mlijisikiaje mlipokuwa mabingwa?" Atakujibu kama anavyojibiwa kila mgeni. Muulize kwa namba. Enzi hizo namba za jezi zilifuata nafasi: 1 kipa, 2 beki wa kulia, 3 beki wa kushoto, 4 na 5 mabeki wa kati, 6 kiungo mkabaji, 7 winga wa kulia, 9 mshambuliaji wa kati, 11 winga wa kushoto. Ukipanda naye namba kwa namba, majina hujitokeza yenyewe, na akikwama kwenye 8 ruka, nenda 9, utarudi. Kisha uliza vitu vya kushikika: walisafiri kwa gari gani, walilala wapi walipokwenda Dar, viatu vilinunuliwa na nani, uwanja ulikuwa na majani au vumbi. Majibu ya namna hiyo huleta mengine. Saa moja inatosha. Mzee akichoka huanza kukubali kila unachosema, na hapo umeshaanza kujihoji mwenyewe.

Beba picha ya zamani kama unayo, au nakala ya gazeti. Picha hufungua kumbukumbu ambazo swali haliwezi kuzigusa.

Kisha nenda kwa mzee wa pili bila kumwambia aliyosema wa kwanza. Ukimwambia, atakubaliana naye kwa heshima. Wakitofautiana, andika kauli zote kwa penseli pamoja na majina yao na tarehe ya mazungumzo, na usiamue wewe. Gazeti likipatikana litaamua.

Tiketi, magazeti na picha

Tiketi na risiti nyingi za siku hizi huchapwa kwa joto kwenye karatasi kama ya risiti ya EFD. Ijaribu kwa kuparuza pembeni kwa kucha: ikitokea alama nyeusi, ndiyo hiyo. Karatasi hiyo hufifia kwa mwanga, kwa joto, kwa mafuta ya vidole na hata kwa plastiki laini. Itoe fotokopi wiki ileile na uipige picha. Usiipeleke kufanyiwa laminesheni kwa mashine ya moto. Inatoka nyeusi tii, na hakuna dawa.

Gazeti usikate picha peke yake. Kata na sehemu ya juu yenye jina na tarehe, au andika tarehe pembeni kwa penseli kabla ya kukata. Karatasi ya gazeti hugeuka njano na kukatika kwenye mikunjo, kwa hiyo toa nakala kwenye A4 nyeupe na hiyo nakala ndiyo uishike kila siku. Halisi ikae imenyooka kwenye bahasha kubwa, gizani. Selotepu isiguse kitu chochote unachotaka kidumu: gundi yake hubadilika kahawia, hupenya karatasi, kisha plastiki hubanduka na kuacha doa. Gundi ya unga wa ngano nayo huita mende. Badala ya kubandika, kata vipande vinne vidogo vya karatasi, vikunje viwe pembe, ubandike pembe hizo kwenye ukurasa na kuchomeka picha ndani yake.

Nyuma ya picha iliyosafishwa andika kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi: nani, wapi, lini, kutoka kushoto kwenda kulia. Kalamu ya wino hukandamiza na mistari kuonekana mbele. Picha isiyo na majina, baada ya miaka ishirini ni watu kumi na mmoja wasiojulikana waliovaa zambarau.

Jezi

Uwe na mbili: ya kuvaa na ya kutunza. Ya kuvaa ioshe siku hiyohiyo ukitoka uwanjani, kwa sababu chumvi ya jasho ndiyo inayofifisha rangi shingoni na kwapani. Igeuze ndani nje. Weka maji ya baridi lita 10 na kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya unga, loweka dakika 15, fikicha taratibu kwa mkono. Usitumie brashi juu ya namba, wala Jik. Usiikamue kwa kuisokota, maana namba hupasuka kwenye mikunjo. Anika kivulini. Kule Tukuyu mvua zisipokata, ianike ndani penye upepo, mbali na jiko. Pasi ya mkaa ikae mbali kabisa: kitambaa cha polista huyeyuka, na cheche moja ni tundu.

Ya kutunza, yenye saini ya mchezaji, haifuliwi tena. Kabla ya kusainiwa ingiza boksi gumu ndani ili kitambaa kikae wima na wino usipenye mgongoni. Tumia maka peni isiyofutika na uiache ikauke saa 24 bila kuikunja. Unapoikunja, weka karatasi nyeupe kati ya maandishi na maandishi, yasije yakashikana. Ifunge kwenye kanga kuukuu safi, si mfuko wa nailoni unaofungia unyevu ndani.

Tranka la bati la shule ni zuri dhidi ya panya na mende, lakini likikaa moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji hushika umande usiku wa baridi. Liinue kwa matofali mawili au vipande vya mbao, liache sentimita 10 kutoka ukutani, na uweke ndani vile vifuko vidogo vinavyokuja na viatu vipya. Naftalini zisiguse jezi, na tranka lenye naftalini lisikae chumba unacholala. Fungua kila mwisho wa mwezi wakati wa masika, nusu saa, siku ya jua.

Mtu akikuuzia "jezi aliyovaa fulani siku ile", omba picha ya mechi hiyo. Linganisha umbo la namba, nembo ya mdhamini ilivyokaa, na michubuko. Kama hakuna picha, inunue ukitaka, lakini daftarini iandike kwa penseli.

Kwenye simu

Picha za mechi ulizotumiwa kwa WhatsApp zimeshapunguzwa ubora. Mwombe aliyepiga akutumie kama faili la hati, si kama picha. Kila faili lipe jina linaloanza na mwaka: 2022-11-29 Ihefu-Yanga 01. Zikianza hivyo hujipanga zenyewe kwa tarehe. Ukianza na jina la timu, utakuwa na mafaili mia ya Yanga yasiyo na mpangilio. Piga picha kurasa za kaunta buku kila baada ya mechi tano. Nakala ziwe tatu: kwenye simu, kwenye flashi iliyo nyumba nyingine, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Flashi iliyowekwa ndani ya tranka moja na daftari haihesabiki, kwa sababu moto au mwizi huchukua vyote pamoja.

Hesabu ya mwisho wa msimu

Hapa ndipo utajua kama daftari lako ni la kuaminika. Jumlisha ushindi, sare na vipigo. Jibu lazima lilingane na idadi ya mechi. Ligi ya timu 16 ni 30, ile ya timu 14 ya 2013/14 ilikuwa 26, ile ya timu 20 ya 2018/19 ilikuwa 38. Jumlisha mabao ya wafungaji wako wote, ongeza ya wapinzani waliojifunga. Lazima yalingane na mabao ya kufunga kwenye msimamo. Chukua msimamo mzima: jumla ya mabao ya kufunga ya timu zote ni sawa na ya kufungwa. Jumla ya pointi zote ni mechi zote mara tatu, kutoa idadi ya sare. Ligi ya timu 16 ina mechi 240, kwa hiyo ukiwa na sare 60, pointi zote ni 660. Kumbuka tu kwamba pointi za kupewa mezani, au timu kukatwa pointi, huvuruga hesabu hiyo, na zinahitaji maelezo yake pembeni.

Tofauti ikiwa bao moja, kwanza tazama mechi ulizoandika za redioni, halafu zenye KJ, halafu zile ambazo kipa aligusa kabla mshambuliaji hajamalizia. Usilirekebishe kwa kukisia. Zungushia namba yenye shaka kwa penseli, andika "haijathibitishwa", kisha fungua kurasa mbili mpya, andika jina la timu lilivyosajiliwa kwa msimu unaokuja, na uache mistari 30 ya wachezaji: wanaobaki, wanaoondoka na walikokwenda, wanaokuja na walikotoka.